Sauti ya Viraka

Kunguru alilia kwa mara ya tatu, na Inspekta Nicodemus Menza akaizima mashine ya mikanda.

"Umemsikia?" akauliza.

Mwanabaraka binti Gharib alikaa upande wa pili wa meza, kikapu chake miguuni. "Nimemsikia mume wangu, bwana afisa. Kuna mwengine?"

"Kunguru."

"Kunguru!" Alimtazama afisa kama anayemtazama mgonjwa wa homa aliyeanza kuweweseka. "Mimi nimekuletea sauti ya mume wangu, wewe wasikiza kunguru?"

Ilikuwa wiki ya pili tangu mwanamke huyu aingie ofisi ya upelelezi na mikanda mitatu ya kurekodia sauti. Mumewe, Badawi, alikuwa fundi wa injini katika meli ya mizigo, na mtu yule na kalamu hawakupatana hata siku moja. Badala ya kuandika, alituma sauti. Mabaharia wa meli zilizotangulia kurudi walileta mkanda Kilindini, kaka yake Athmani akaupokea, akaazima mashine kazini, na nyumba nzima ya Kibokoni ikakusanyika kuusikiliza, mama yao Bi Nana kitandani na Mwanabaraka mkekani. Mkanda wa kwanza uliingia Ramadhani, wa pili Idi, na wa tatu baada ya Idi ya kuchinja.

Kabla ya huo wa tatu, baba yake Mwanabaraka alifariki. Mwanabaraka akairekodi habari ile kwa sauti yake mwenyewe, huku analia, akampa shemeji yake aipeleke melini. Jibu lilipokuja, Badawi alimsalimu, akamtania, akacheka, akamwambia ajitunze. Neno la pole hakulitaja.

"Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka," alimwambia Menza siku ile ya kwanza. "Mume wangu ana ila zake, lakini si mtu wa kupokea tanzia ya mkwewe akacheka. Ama ana mke mwengine amemsahaulisha adabu, ama kuna jambo nisiloliyua. Sikuya kulia kwako, bwana afisa. Nimekuya kuyua. Nina mume au sina?"

Swali fupi, na lilimpeleka Menza mbio kweli kweli. Katika mkanda wa pili alisikia, nyuma ya maneno ya Badawi, vikombe vikigonganishwa kwa mahadhi, vile wauza kahawa wa Mombasa wanavyoita wateja. Muuza kahawa hatembezi birika juu ya bahari kuu. Basi Menza akaamini kabisa kwamba Badawi hajatoka kisiwani, kajificha kwa mke wa siri, na makachero wakamwagwa kuanzia Feri hadi Kibarani. Kutoka Makupa walimletea dereva wa lori mwenye ndevu za Badawi na sura ya Badawi. Alikuwa amejificha kweli, ila aliyekuwa akimkimbia ni mkewe wa Mariakani, na alilia machozi akiomba asirudishwe kwake. Ofisi nzima ilicheka. Menza hakucheka, kwa sababu mwanamke yule alikuwa bado anangoja jawabu.

Sasa alirudisha mkanda nyuma, akausikiliza tena wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Katika kila mmoja Badawi alisema, "Mwanabaraka, mke wangu," kunguru akalia mara moja kwa sauti ya kukwaruza, na kiti kikalia kama kilichokaliwa vibaya. Kunguru yule yule, kiti kile kile.

Pembeni, karani wa taipu, Mbeyu, alikuwa akikata karatasi kwa mkasi.

"Mbeyu, unaharibu nini tena?"

"Siharibu, Bwana Inspekta. Ni ripoti yako ya wizi wa pamba. Jana umeamka ukataka aya ya mwisho iwe ya kwanza. Nikupigie kurasa zote upya kwa ajili ya aya moja? Naikata huku, naibandika huku, kisha napiga nakala safi, na atakayeisoma atadhani ulifikiri vizuri tangu mwanzo." Alichovya kidole katika chupa ya gundi. "Nyinyi mkibadilisha mawazo, sisi twashika mkasi."

Menza aliinuka akaenda kutazama. Aya iliyobandikwa ilikaa sawasawa mahali pake mpya, na bila kuinamisha ukurasa kwenye mwanga usingeziona kingo zake. Kando yake zilikuwa nakala za kaboni za barua fulani, na katika kila moja herufi ya kwanza ilikuwa imekatika mguu.

"Na hii herufi kilema?"

"Mashine iliruka. Basi imeruka kwenye nakala zote. Nakala haina akili ya kwake, hurudia na kosa."

Inspekta alirudi mezani polepole. Alikaa, akaiweka mikono yake juu ya mikanda mitatu.

"Bi Mwanabaraka, ni nani hasa aliyekuletea hii?"

"Si nimekwambia? Shemeji yangu Athmani. Huipokea bandarini."

"Na kazi yake?"

"Fundi wa Tom, yule Mgoa arekodiye nyimbo za tarabu, Barabara ya Salim. Kwani?"

"Nauliza tu."

"Huulizi tu," akasema Mwanabaraka. "Uso wako umebadilika."

Menza alikuwa polisi wa miaka mingi na alijua kuuficha uso wake mbele ya wezi. Mbele ya huyu alishindwa. Akamwomba amwachie mikanda hadi alasiri, akamwambia arudi nyumbani angoje.

*

Tom alikuwa mnene, mchangamfu, na hakuwa na siri. Alimkaribisha Menza katika chumba kilichozibwa kwa magunia na mablanketi ili kelele za barabarani zisiingie, akampa kiti, akamwambia Athmani kaenda msikitini kuswali adhuhuri na hatakawia.

"Sikuja kwa Athmani," akasema Menza. "Nimekuja nifundishwe. Mwimbaji akikohoa katikati ya wimbo, unafanyaje?"

"Ah! Wakikohoa tu, mbona nafuu. Wengine huja na ubeti wa tatu kabla ya wa pili." Tom akavuta kipande cha mkanda, akakipitisha polepole kwenye mashine kwa mkono hadi sauti ikanguruma, akatia alama kwa kalamu ya nta. "Kikohozi hiki hapa. Nakata kwa wembe, mshazari, hivi, usikate wima, utasikika. Kikohozi kwenye ndoo. Ncha na ncha, natia gundi ya karatasi kwa nyuma. Umeona? Ubeti ukitaka kuuhamisha, ni hivyo hivyo, unaung'oa hapa, unaupachika pale."

"Na mshono ukionekana?"

"Utaonekana kwa macho, ndiyo. Basi naweka mkanda huo mashine hii, mkanda mpya mashine ile, nanakili. Mpya hauna mshono hata mmoja. Mashine mbili lazima. Mombasa hii walio nazo mbili utawahesabu kwa kidole na usimalize mkono."

Menza akamkabidhi mkanda wa tatu. Tom alivaa visikizio, akafumba macho. Mwanzoni alikuwa anatabasamu, maana Badawi alikuwa mtu wa mzaha. Kisha tabasamu likamtoka. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena.

"Inspekta, mtu huyu hapumui."

"Una maana gani?"

"Binadamu husema, huvuta pumzi, husema tena. Huyu husema, husema, husema. Pumzi zake zimekatwa pamoja na kitu kingine. Kila baada ya maneno machache kuna mshono." Alivua visikizio, na uso wake haukuwa na furaha tena. "Kazi safi mno. Sijui kama mimi naiweza."

"Ni nani anayeiweza?"

Tom aligeuza kichwa. Alitazama meza ndogo dirishani, yenye wembe mpya na kiti kitupu.

Menza aliomba simu. Akampigia wakala wa meli, Kilindini, akajitaja, akataja jina la fundi na jina la meli, akangoja huku akisikia madaftari yakifungwa na kufunguliwa. Sauti iliyorudi ilikuwa ya karani mtaratibu.

"Pole sana, Bwana Inspekta. Huyo ni marehemu. Homa kali, meli ikiwa bandari ya Karachi, mwezi wa Novemba. Waislamu wa huko walimzika vizuri sana, nahodha mwenyewe alihudhuria. Habari tulimpa kaka yake, alikuja hapa kwa miguu yake."

Menza aliirudisha simu mahali pake. Neno la pole ambalo Mwanabaraka alilisubiri katika mkanda wa tatu, karani asiyemjua alilitoa bila hata kuombwa.

*

Athmani aliingia akiwa bado amevaa kofia ya msikitini. Aliuona mkanda juu ya mashine kabla hajamwona mtu. Hakukimbia, wala hakuuliza. Alivua kofia, akaikunja, akaketi kwenye kiti chake dirishani.

"Salaam aleikum," akasema.

"Aleikum salaam, Bwana Athmani. Mdogo wako yuko wapi?"

"Unayua aliko."

"Nataka ulitamke wewe."

"Yuko Karachi, tini ya mtanga." Akapangusa uso wote kwa kiganja. "Mungu amrehemu."

Tom alisema, "Yesu Maria," akatoka nje akaufunga mlango nyuma yake. Menza akasogeza kiti.

"Ulimfanyia nani siri hii, Athmani? Nani alifaidi?"

"Hakuna alofaidi. Mama angekufa." Alisema bila kujitetea, kama mtu anayesoma saa. "Siku nilotoka kwa wakala, daktari alikuwa ndo ametoka kwetu. Alisema moyo wa mama ni wa kushika kama yai, asipate mshituko. Nami ndani ya kifua nina maiti ya mwanawe. Ramadhani ikaingia, mama hali daku, hali futari, auliza tu, Badawi hajaleta salamu? Nikasema nitafanya mkanda mmoja. Mmoja tu, apate kula."

"Sauti uliipata wapi?"

Athmani aliinuka, akafungua kabati. Ndani ilikuwa kamba ya kuanikia, na juu yake, kwa vibanio vya nguo, vipande vya mkanda vikining'inia, virefu na vifupi, kila kimoja na kikaratasi chake. Menza akasogea akasoma. Mama. Mwanabaraka mke wangu. Inshallah. Bahari imetulia. Kicheko kirefu. Kicheko kifupi.

"Tom aliponunua mashine hii ya pili, Badawi alikuwa mapumzikoni. Akakaa pale ulipokaa, jioni kadhaa, aseme lolote niijaribu. Basi akajifanya yuko melini, awasalimu watu, amtania mkewe. Ulikuwa mtezo. Madirisha yalikuwa wazi kwa joto, muuza kahawa apita, kunguru walia, mimi sikuyali. Ningeliyali kama ningeliyua." Aligusa kipande kimoja, kikayumba. "Mama alipousikia wa kwanza akaomba uji. Akanywa bakuli zima. Kisha akauliza wa pili utakuya lini."

"Na mkewe? Kwa nini hukumwambia hata yeye peke yake?"

"Nyumba moja, bwana afisa. Chumba chake ki tini ya chumba cha mama. Mke akifiwa atalia, hata uwe nani utalia, na mama atasikia. Nikasema nitamwambia mama akipata nguvu. Kila siku nikasema kesho."

Menza alikuwa na swali moja zaidi, na hakulipenda. "Alipokuletea habari ya msiba wa babake. Mbona hukumpa pole?"

Kwa mara ya kwanza Athmani alilia. Alilia wazi, machozi yakimtelemka ndevuni.

"Nilitafuta. Wallahi nilitafuta. Niliupitisha mkanda wote, mwanzo hata mwisho, nikarudia. Hakuna pole ndani yake! Siku zile hapakuwa na msiba, hakuna alougua, yeye alikuwa akiteka na kutania tu. Nikasema nitaiunga mwenyewe, nikakata sauti ndogo huku na huku, nikabandika. Ikatoka neno. Lakini hakikuwa kitu cha mtu, bwana afisa, nilipokisikia mwili ulinisisimka. Nikakitupa. Nikaweka kicheko, kwa kuwa kicheko ndicho kilokuwa chake kweli."

Nje gari la mizigo lilipita na vioo vikatetemeka. Menza alitafuta kichwani mwake sheria ya kumfungulia mtu huyu mashtaka. Sahihi hakughushi, mali hakuchukua, na maneno yote aliyoyatumia marehemu alikuwa ameyasema kwa kinywa chake.

"Nitie ndani," Athmani akasema. "Nitashukuru."

"Najua utashukuru. Inuka, twende Kibokoni."

*

Mwanabaraka aliwafungulia mwenyewe. Alikuwa amejitanda leso, na alipowaona wawili pamoja alirudi nyuma hatua moja, akashika nguzo ya mlango. Ngazi ya kwenda kwa Bi Nana ilikuwa nyuma yake, na mlango wa juu ulikuwa wazi kwa sababu ya upepo. Basi wote watatu walisema kwa sauti ya chini.

Menza alimtazama Athmani.

"Bi Mwanabaraka," akasema Inspekta, "uliniuliza swali, nami nimekuja na jawabu. Huna mume. Badawi alifariki kwa homa, Karachi, akazikwa huko na Waislamu wenzake. Sauti uliyoisikia aliirekodi zamani, kabla ya kusafiri. Athmani aliikata, akaipanga upya kwa ajili ya mama yenu."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akasema, na midomo yake ikaendelea kwenda bila sauti. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Ulinisikia nikilia juu ya baba yangu, ukanikatia kicheko?"

Athmani aliinamisha kichwa.

"Lini?" akauliza Mwanabaraka.

"Novemba," akasema Menza.

"Mwezi wa dini, Athmani."

"Rajabu. Kumi na mbili."

Mwanabaraka akakunjua vidole akahesabu. Shaabani, Ramadhani, mfungo mosi, mfungo pili. Akasimama hapo. Akahesabu tena tangu mwanzo, polepole, kama aliyetumaini mara ya pili miezi itapungua. Kisha mkono ukaanguka. Menza, Mkristo wa Rabai, hakuelewa alichokuwa anakitafuta, ila aliona kwamba amekikosa, na kwamba kukikosa kumemuumiza kuliko habari yenyewe.

"Kuna nini?" akauliza.

"Eda yangu." Sauti yake ilikuwa nyembamba sana. "Mke akifiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki, amkalia mumewe. Ni haki ya marehemu, na ni haki yangu. Nayo haianzi siku nilopata habari, bwana afisa. Yaanza siku alokufa. Yangu imekwisha mwezi ulopita."

"Imekwisha?"

"Imekwisha na mimi siyui. Kila nikiambiwa mkanda umefika nalipaka wanja, nalifukiza nguo udi, natia asumini kitwani, nakaa mkekani nimsikize. Nimeikaa eda ya mume wangu na wanja matoni." Alijizuia, akafunika kinywa kwa leso hadi kifua kikatulia. "Siwezi hata kuikaa sasa. Haiko. Wataniambia, bibi, wewe u huru, waweza kuolewa kesho."

Menza alihisi moyo unamuuma, na moyo unaouma humfanya mtu mzima aseme upuuzi. "Huenda karani wa wakala alikosea mwezi," akasema. "Mambo ya madaftari haya. Huenda ilikuwa baadaye. Nikienda nikaulize tena, ninaweza—"

"Bwana afisa." Alimkatiza kwa upole, na ule upole ulikuwa mzito kuliko kofi. "Na wewe usinibandikie."

Kutoka juu ilishuka sauti ya kizee, dhaifu, yenye furaha. "Mwanabaraka! Ni nani hapo mlangoni? Ni Athmani? Ameleta mkanda?"

Mwanabaraka alifuta macho kwa ncha ya leso, jicho moja kisha la pili. Sauti aliyoitoa ilikuwa nyepesi, ya kila siku, na Menza alijua kwamba atakumbuka ilivyotoka hadi siku atakayokufa.

"Ndiye, mama! Naya nao!"

Akanyosha mkono kwa shemeji yake. Athmani akautoa mfukoni mkanda wa tatu, aliouchukua mashineni walipoondoka kwa Tom, akampa.

"Na wewe," Menza akanong'ona, "utalia wapi?"

"Kwa mama yangu, mtaa wa Kuze. Yeye yumo edani kwa baba. Humpelekea mayi kila siku, nikimuonea huruma mjane wa watu." Akakaza leso kichwani, akaweka mguu kwenye daraja la kwanza la ngazi. "Kesho nitakwenda nikae naye, nilie hata nishibe. Watu watadhani namlilia baba."